Bei ya Gari Alilokupandisha Sefu

Mbeya,
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mke wangu Mwanahawa, Mama Asha,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya ndoo niliyoipindua nje ya gereji, jua limetoka baada ya siku nne za ukungu, na mimi ni mzima wa mwili. Nakuombea na wewe uwe mzima, na Asha homa isiwe imemrudia, na mama mkwe mgongo uwe umempa nafuu kidogo. Kama kuna mmoja wenu asiyejisikia vizuri, niambie wazi. Usinifiche kwa sababu niko mbali.

Barua yako ilinifikia kwa mkono wa utingo wa basi, imelowa pembeni, maana mvua ilikuwa imekata barabara kule Chimala na abiria walilala njiani. Pale unapoeleza ugonjwa wa Asha nilisoma nimesimama mpaka nilipofika unaposema kwamba ameshapona na anaomba uji. Nikakaa, nikamshukuru Mungu. Kisha nikarudi juu, nikasoma tena pale unapomtaja Sefu. Hapo ndipo niliposoma mara nyingi kuliko popote. Nashukuru baba yako alikupeleka shule, kwa sababu barua hii si ya kusomewa na mtu. Isome peke yako, mlango umeufunga.

Umeandika kwamba Sefu alikuja na gari dogo jekundu, zuri ajabu, halina paa, akakupeleka na mtoto mpaka hospitali ya Tosamaganga. Umeandika kwamba alivua koti lake akamfunika Asha. Umeandika kwamba hujawahi kupanda gari kama lile. Mke wangu, katika barua yote hiyo uzuri wa gari umeutaja mara tatu, na mimi nimetajwa mara mbili, mara ya pili ikiwa ni kwenye bahasha. Nimehesabu. Najua si jambo la mtu mzima kuhesabu hivyo, lakini nimehesabu.

Sefu unamjua na mimi namjua. Tumekua wote mtaa mmoja hapo Miyomboni, tumeogelea wote Ruaha Mdogo, na wajomba zake ndio waliotangulia kuleta posa kwenu kabla yangu. Baba yako alinichagua mimi kwa kuwa nilikuwa na ufundi mkononi, na Sefu hakuwa na kitu ila maneno. Miaka mitano imepita tangu hapo. Sasa tunafanya kazi gereji moja hapa Mbeya, kwa Bwana Mohinder, yule Singasinga niliyekwisha kukueleza habari zake. Mimi niko shimoni chini ya magari, Sefu yuko juu yake. Mimi nayatengeneza, yeye anayaendesha kwenda kuonyesha wanunuzi, amevaa shati jeupe, na Kiingereza chake kinatosha kumchekesha Mzungu. Gari likiuzwa anapata kamisheni. Mimi napata mshahara ule ule, hata nikilifufua gari lililokufa.

Basi nataka nikueleze lile gari ni gari gani, kwa sababu wewe umeona rangi tu.

Lilikuwa la injinia mmoja wa Kizungu wa kule Makongolosi, kwenye dhahabu. Alilinunua jipya Nairobi, wakati huo likiwa la kijani, na wafanyakazi wa mgodi walikuwa wakisikia mlio wake wanatoka njiani. Siku moja, akiteremka zile kona za mlimani barabara ya Chunya, tairi za nyuma zilikosa ardhi. Gari lilibiringika mara mbili likasimama kwenye jiwe. Yeye alivunjika mkono tu. Tulikwenda kulichukua kwa lori. Madigadi, yale mabati ya juu ya tairi, yalikuwa yamejikunja kama chapati, na chesisi, ule uti wa chuma unaobeba gari zima, ulikuwa umepinda kama mkono wa mtu anayeomba. Injinia alikuwa anarudi kwao Ulaya, hakutaka hata kuliangalia. Bwana Mohinder akalichukua kwa bei ya vyuma chakavu.

Mimi ndiye niliyelinyoosha. Nililifunga kwa mnyororo kwenye mkaratusi nyuma ya gereji, nikaweka jeki upande wa pili, nikawa navuta kidogo kidogo siku tatu, napima kwa kamba. Uti ulinyooka, lakini ulikuwa umepasuka mahali pawili, chini ya kiti cha kushoto na karibu na springi ya nyuma. Nilimwambia Bwana Mohinder panatakiwa mabamba ya chuma kizito, nichomelee juu ya nyufa pande zote mbili. Akasema mabamba ya nini, gari lenyewe halitakaa hapa mwezi. Chomelea ufa, paka rangi. Nikachomelea ufa, nikapaka rangi. Rangi nyekundu aliichagua yeye, akasema kijani ni cha wazee, vijana wanalipia nyekundu. Hapo alisema kweli.

Lori, mke wangu, linanunuliwa kwa kazi yake. Mtu anauliza linabeba magunia mangapi ya mahindi, analipa. Gari la spoti halina gunia la kubeba. Linanunuliwa kwa jicho na kwa moyo, na ndiyo maana bei yake inapanda na kushuka kwa vitu vidogo ambavyo mwenye lori havimsumbui. Mnunuzi mjinga anatazama rangi na ngozi ya viti. Mnunuzi mwenye akili anainua zulia. Anapitisha kidole kwenye mwanya wa mlango aone kama juu na chini ni sawa. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, gari limepinda. Anatazama tairi kama zimelika upande mmoja. Anasoma namba iliyogongwa kwenye injini, anailinganisha na iliyo kwenye kitabu cha gari, kwa sababu injini ikiwa ya gari jingine bei inakatwa karibu nusu. Halafu anauliza lilikuwa la nani. Likiwa la daktari wa misheni aliyekwenda nalo kanisani na kurudi, anaongeza. Likiwa la injinia wa dhahabu, anashika kidevu. Na mvua zikianza bei inashuka yenyewe, nani anataka gari lisilo na paa kwenye tope? Vipuri navyo vinatoka Uingereza kwa meli. Kikivunjika kijiti kimoja unakaa miezi mitatu unatazama gari limesimama juu ya mawe. Hayo yote nayajua mimi. Sefu anayajua kwa kunisikia mimi nikiyasema.

Wakati gari lilipokuwa tayari, kijana mmoja wa Kizungu mwenye shamba la tumbaku huko kwenu Iringa alileta habari kwamba anatafuta gari la namna hiyo. Watu wake wanamwita Bwana Miwani. Nilimwendea Bwana Mohinder, nikavua kofia, nikamwomba nilipeleke mimi. Nilimwambia njiani likiharibika nitalitengeneza mwenyewe, na nitamwona mke wangu na mtoto, miezi minane sijawaona. Alinitazama kwa huruma kidogo, kisha akasema fundi akiondoka shimo linabaki tupu. Akamtuma Sefu. Nilisimama pale mlangoni nikamwona anavaa miwani ya jua, anaweka mkono mmoja dirishani kama gari ni la baba yake. Akaniuliza kama nina salamu za nyumbani. Nikamwambia sina. Ndiyo sababu hukupata hata sukari kutoka kwangu siku ile, ukapata ya Sefu. Sukari hiyo nayo umeitaja kwenye barua.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe.

Barua yako niliipokea siku ya Jumatatu, sasa ni karibu wiki tatu. Jumanne asubuhi, Bwana Mohinder akiwa amekwenda Tukuyu, iliingia pikapu ya zamani kutoka njia ya Iringa, akashuka kijana mrefu wa Kizungu mwenye miwani mizito, nikajua ndiye Bwana Miwani. Akaagiza petroli. Wakati petroli inaingia akaja mpaka kwenye shimo nilipokuwa, akachuchumaa.

"Wewe iko fundi ya ile gari nyekundu?" akaniuliza.

Nikasema ndiye mimi.

"Ilipata kuanguka?"

Mwanahawa, hapa gereji kuna jibu la swali hilo, na kila fundi analijua. Unasema, sijui, bwana, mimi nilipaka rangi tu. Nimelisema jibu hilo mara nyingi kwa watu wengi na nikalala usingizi wangu. Lakini siku ile barua yako ilikuwa mfukoni mwa ovaroli yangu, naisikia kila ninapoinama. Niliona kwamba nikisema ukweli, gari halitauzwa, Sefu hatapata kamisheni, na atarudi Mbeya na lile shati lake jeupe bila kitu. Basi nilitoka shimoni, nikajifuta mikono, nikamweleza yote. Nilimweleza mlima, jiwe, mnyororo, rangi ya kijani ambayo bado ipo akiinama chini ya usukani. Nilimwonyesha kwa kidole chini pale mchangani nyufa zilipo. Sijawahi kusema ukweli kwa raha namna ile. Na nilipomaliza nikaongeza neno moja ambalo hakuniuliza. Nikasema, "Na yule dereva aliyekuletea anajua yote haya, bwana."

Akavua miwani, akaifuta.

"Najua kwamba anajua," akasema. "Sefu ndiye alinieleza. Mimi nakuja kuuliza wewe, nione kama ni kweli."

Akaendelea kunieleza, kwa Kiswahili chake cha shambani, kwamba Sefu alimwambia fundi aliyelinyoosha ni mzuri kuliko wote Mbeya, ila hakupewa chuma. Kisha akalipa petroli, akaendelea na safari yake ya Rodeshia. Mimi nilibaki nimesimama na kitambaa mkononi. Ningependa kukuambia kwamba niliona haya papo hapo. Sikuona. Nilichoona kwanza ni hasira, kwamba hata katika hilo Sefu amenitangulia.

Sefu alirudi Ijumaa ya wiki ile na gari, limejaa tope mpaka kwenye taa. Sikumsaidia kuliosha. Jioni nilimfuata kwenye hoteli ya chai huku Mwanjelwa, nikaketi mbele yake. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani. Likatoka moja tu.

"Alikaa wapi?"

"Nani?"

"Mke wangu."

Akaweka kikombe chini. "Gari lina viti viwili, Rama. Ulitaka akae wapi?"

Kisha, bila mimi kuuliza, akanieleza asubuhi ile. Kwamba alikuwa barazani kwa mjomba wake, analifuta gari vumbi, kwa sababu Bwana Miwani alitakiwa kuja saa nne kulijaribu mara ya mwisho na kukata shauri. Kwamba alikuona unapita mbio kanga moja, mtoto begani amekakamaa na macho yamegeuka, na basi halikuwepo, na lori la misheni lilikuwa limenasa. Bwana Mohinder alikuwa amemwonya kwamba gari lisipate maili za bure wala tope, maana vyote viwili ni bei. Akawasha injini. Akasema njia yote ya Tosamaganga ilikuwa mashimo na maji, na kila tairi lilipoingia shimoni alikuwa anasikia kitu.

"Nilisikia chuma kinalia," akasema. "Chini ya kiti cha mkeo. Palepale ulipochomelea."

Mke wangu, nimeyaandika maneno hayo kama alivyoyasema. Ule ufa niliufunga mimi. Nilijua hautoshi. Niliupaka rangi nyekundu juu yake na nikaenda kula. Ulikuwa umekalia kazi yangu mbaya, na Asha mapajani, na mimi huku nilikuwa ninakasirikia koti.

Sefu alisema aliendesha polepole sana, mpaka watu wa miguu wakawa wanampita, na wewe ukawa unamsihi aongeze mwendo, naye hakuweza kukuambia kwa nini hawezi. Ulidhani anaogopa tope. Alipowaacha kwa masista alirudi Iringa, akamkuta Bwana Miwani anamngoja barazani, na kiti kimelowa matapishi ya mtoto, na mwanya wa mlango umepanuka. Mzungu yule ana mke mjamzito. Sefu akaona hawezi kumwachia gari lile. Akamwambia kila kitu, na kamisheni yake ikaishia hapo hapo. Siku ya tatu alipokuja kuwachukua, alikuja na lori la mjomba wake wala si na gari jekundu. Hilo hukuliandika. Uliandika gari jekundu tu.

Nilimshukuru. Nilifanya hivyo kwa mdomo, nikamlipia chai na maandazi, naye akanipa mkono. Lakini nisikudanganye, Mwanahawa. Nilipokuwa narudi chumbani nilikuwa natembea na wivu wangu vile vile, tena umekuwa mzito, kwa sababu mtu niliyekuwa namwonea wivu kwa shati, sasa namwonea kwa jambo ambalo ningetamani ningelifanya mimi. Shati ningeweza kununua.

Bwana Mohinder aliporudi na kusikia gari limekataliwa, alipandwa na hasira ambayo sijawahi kuiona kwake, maana yeye si mtu wa makelele. Alimwita Sefu ofisini, na mlango ulikuwa wazi. Alisema ameharibu bei ya gari kwa mdomo wake na kwa matapishi, na kwamba atamwachisha kazi bila barua ya sifa, na dereva asiye na barua ya sifa kutoka hapa haajiriwi popote njia hii, Tukuyu mpaka Iringa. Sefu hakujitetea. Hakusema mtoto alikuwa wa nani. Mimi nilisikia yote nikiwa shimoni, spana mkononi. Nilinyamaza siku ile. Nilinyamaza na siku ya pili. Nilikuwa najiambia kwamba Sefu akiondoka Mbeya nitapumua. Ndivyo nilivyokuwa nikijiambia, mke wangu, baada ya yote hayo.

Siku ya tatu asubuhi nilimwona anakunja godoro lake. Nikaenda ofisini, nikamwambia Bwana Mohinder kwamba matapishi yale ni ya mwanangu. Na kwamba hata kama Sefu angenyamaza, mimi mwenyewe nilimweleza yule Mzungu hapa hapa uani, kwa kinywa changu, na nilimwonyesha nyufa zilipo. Akaniuliza kwa nini. Nilitaka kusema ni kwa sababu ya haki. Nikasema, "Nilikuwa na wivu, bwana."

Alicheka kidogo, akaacha. Kisha akasema basi mimi sitakuwa fundi mkuu tena, kijana kutoka Tukuyu atashika nafasi hiyo, mimi nitarudi kwenye springi za malori, na likizo yangu ya Idi hakuna. Barua ya sifa ya Sefu akaiandika mbele yangu, nzuri, ya ukurasa mmoja na nusu. Mshahara wangu umepungua, nitakueleza kiasi gani tukionana, usihangaike.

Na sasa sikiliza yaliyofuata. Wiki iliyopita Bwana Miwani alirudi kutoka Rodeshia, akapita tena hapa. Akasema atalichukua gari, lakini kwa theluthi moja ya bei iliyokuwa inatajwa mwanzo, na kwa sharti kwamba liwekwe mabamba ya chuma, na kwamba kazi hiyo niifanye mimi kwa kuwa mimi ndiye ninayejua lilivunjika wapi. Bwana Mohinder alikubali, maana hakuna mwingine angelinunua katika mvua hizi. Na Bwana Miwani akasema pia anataka dereva wa kumpeleka mkewe hospitali siku zake zikifika, na wa kupeleka tumbaku sokoni, na amemtaka Sefu. Amempa nyumba ya bati pale shambani. Si mbali na mji. Kwa baiskeli ni nusu saa mpaka mlangoni kwako.

Hivyo ndivyo mambo yalivyonigeukia. Nilitaka kumwangusha mtu mmoja hapa Mbeya, na mwisho wake nimemsaidia kupata kazi Iringa, jirani na mke wangu, na mimi nimebaki huku na springi za malori.

Siku tano nimelala chini ya gari lile na moto wa kuchomelea. Sitakuficha kwamba kulikuwa na saa ambazo nilitazama ule ufa na kufikiri kwamba hakuna atakayejua nimeweka chuma cha unene gani. Nilifikiri, nikaacha. Niliweka mabamba pande zote mbili, nikachomelea, nikagonga kwa nyundo, nikachomelea tena palipolia vibaya. Nilipomaliza nilikaa mwenyewe kwenye kiti cha kushoto, nikamwambia Sefu aendeshe kwenye mashimo ya barabara ya Mbalizi kwa nguvu zake zote. Chuma hakikulia. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizopata kufanya, na imo chini ambako hakuna mtu atakayeiona, na bei ya gari haitapanda hata senti kumi kwa ajili yake, kwa sababu gari likishajulikana kwamba lilianguka limejulikana. Lakini atakayekaa pale, awe nani, atakuwa salama.

Kwa miaka mitatu umekuwa ukiniandikia kwamba unataka kuja kukaa na mimi, na kila mara nimekujibu kwamba Mbeya kuna baridi, na chumba tunalala wanaume wanne. Baridi ni kweli na wanaume wanne ni kweli. Lakini kilichonizuia zaidi ni kwamba sikutaka mafundi wa hapa wakuone kila siku unapopita kwenda bombani. Nilidhani ukiwa Iringa kwa mama yako uko mbali na macho ya watu. Ona upumbavu wangu. Nilikuwa nakuficha kwa kukuacha peke yako, na mtoto alipoumwa hukuwa na mume wa kumwita.

Nimepanga chumba huku Mwanjelwa, kwa mama mmoja wa Kisafwa, mjane. Chumba ni kidogo lakini kina mlango wake na dirisha la ubao, na nyuma kuna mahali pa kulima mboga. Nimekwisha kununua kitanda na blanketi mbili nzito. Njoo, wewe na Asha. Sisemi kwamba ninakuita kwa mapenzi matupu, maana ungejua kwamba nadanganya. Nakuita kwa wivu pia, na kwa hofu, na kwa kuwa nataka siku nyingine Asha akikakamaa mikono itakayombeba mbio iwe yangu. Kama hutaki kuja, sitakulazimisha. Andika tu, nijue. Lakini kama unakuja, mwambie mwenye basi akuwekee kiti cha mbele, na uvae viatu vilivyofungwa, huku asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe kwa umande.

Na kuhusu Sefu. Akija kukusalimu, mpe chai. Mshukuru kwa ajili ya Asha mara ya pili, sema ni kwa niaba yangu. Lakini mpe chai hiyo barazani, na mama akiwa amekaa.

Msalimie mama mkwe, mwambie kamwene sana kutoka kwa mkwewe, na dawa ya mgongo nitampa mtu amletee. Msalimie kaka yangu mkubwa dukani, mwambie nimepata barua yake nitamjibu. Msalimie mama jirani aliyekushikia nyumba mlipokuwa Tosamaganga, na mwalimu wa chuo cha Kurani anayemfundisha Asha alifu. Asha mwenyewe mbusu kwenye paji la uso, mwambie baba yake anatengeneza malori makubwa.

Jambo la mwisho, kisha nafunga. Sefu ndiye anayelipeleka gari Iringa, na aliniomba nimpe barua hii aje nayo, kwa kuwa atafika upesi kuliko basi. Sikumpa. Nampa utingo kesho alfajiri. Tena gari lilikuwa liondoke leo. Rangi niliyoirudishia imekauka tangu juzi, Mwanahawa, unaweza kuipapasa kwa kiganja. Nimemwambia bado ni mbichi, asubiri siku mbili, ili basi litangulie na uyasome haya kabla hujausikia mlio wake barabarani.

Mimi mumeo akupendaye, mwenye mikono yenye masizi,
Ramadhani, Baba Asha